Usingizi na Mauti: Mchoro Mmoja wa John Flaxman

Mwaka 1793 kilitolewa mjini Roma kitabu kisichokuwa na maneno mengi. Kilikuwa na picha 34 zilizotokana na Iliad, utenzi mkuu wa Homer, na kila picha ilikuwa ya mistari mitupu: hapana kivuli, hapana rangi, hapana mapambo ya pembeni. Aliyezibuni alikuwa John Flaxman, Mwingereza, mchonga sanamu; aliyezichora katika mabamba ya shaba ili zipate kupigwa chapa alikuwa Tommaso Piroli, Mwitaliano. Mwaka uo huo kikafuata kitabu cha pili, cha Odyssey, chenye picha 28. Haukupita muda mrefu vitabu hivyo vikawa vinatazamwa London, Paris na Ujerumani, vikanakiliwa kwa ruhusa na bila ya ruhusa, na jina la Flaxman likajulikana kwa watu ambao hawakupata kuona hata sanamu yake moja.

Miongoni mwa picha hizo iko moja ambayo insha hii inakusudia kuitazama kwa makini. Ni picha ya Usingizi na Mauti wakiuchukua mwili wa Sarpedon kuupeleka Lycia. Michoro ya kundi hilo, kabla ya kufika katika shaba, ilifanywa juu ya karatasi kwa kalamu ya risasi na wino, na mingi iliyo ya mkono wa Flaxman mwenyewe imehifadhiwa hata leo mjini London, katika Royal Academy, British Museum na University College. Katika picha yetu viumbe wawili wenye mabawa wanapita hewani, na maiti ya kijana shujaa imo mikononi mwao. Hapana jeshi, hapana ukuta wa Troy, hapana farasi wala gari la vita.

Waliousifu mchoro huu tangu zamani walisema kwamba Flaxman alifufua usafi wa Wayunani, yaani watu wa Ugiriki ya kale, uliokuwa umefukiwa na vumbi la karne nyingi. Walioulaumu walisema kwamba aliwanyang'anya Wayunani damu yao, akawafanya baridi kama jiwe. Makundi haya mawili yanashindana, lakini yanakubaliana katika jambo moja bila ya kujua: yote mawili yanauchukua mchoro kuwa dirisha la kuchungulia Ugiriki, na hoja yao ni kama kioo cha dirisha hilo ni safi ama kina ukungu. Mwanafunzi wa historia yampasa aulize swali jingine lililo la kwanza. Mchoro huu ni shahidi wa nini? Tukikosea katika swali hili tutakosea katika mengi, maana sehemu kubwa ya yale tunayodhani kuwa tunayajua juu ya watu wa kale tumeyapata katika mikono ya watu waliokuja baadaye sana.

Yafaa kwanza kukumbuka kisa chenyewe, kama kinavyosimuliwa katika kitabu cha 16 cha Iliad. Sarpedon ni mkuu wa watu wa Lycia, nchi iliyokuwa kusini mwa Uturuki ya leo, naye amekuja Troy kuwasaidia waliozingirwa. Babaye ni Zeus, mkuu wa miungu. Siku anapokabiliana na Patroclus, Zeus anajua kwamba mwanawe atauawa, na moyo wake unagawanyika: amwopoe vitani angali hai, au amwache apatwe na yaliyoandikwa? Hera, mkewe, anampa jibu gumu. Akimwokoa wake, miungu mingine nayo itataka kuwaokoa wa kwao, maana wana wengi wa miungu wanapigana mbele ya mji ule. Heri amwache afe, kisha awatume Usingizi na Mauti wamchukue mpaka kwao, ili jamaa zake wamzike, wamjengee kaburi na kumsimamishia jiwe, kwa kuwa hiyo ndiyo heshima ya wafu. Zeus anatii, na anadondosha matone ya damu juu ya nchi kwa kumheshimu mwana anayekufa.

Sarpedon anachomwa mkuki, anaanguka, na vita vikali vinapiganwa juu ya mwili wake. Homer hafichi kitu hapa. Mwili umefunikwa kwa silaha, damu na mavumbi toka utosini hata nyayoni, hata mtu mwenye macho makali asingeweza kumtambua, na wapiganaji wanauzunguka kama nzi wanavyozunguka vyombo vya maziwa. Hatimaye Apollo anatumwa. Anautoa mwili mbali, anauosha kwa maji ya mto, anaupaka mafuta ya miungu, anauvika nguo zisizochakaa, ndipo anapowakabidhi wachukuzi wawili, Usingizi na Mauti, ndugu mapacha. Nao wanaufikisha Lycia upesi.

Kwa msomaji wa Kiswahili udugu wa wawili hawa si jambo la ajabu, maana wengi tumewasikia wazee wakisema kwamba usingizi ni ndugu wa mauti. Lakini lazima tuangalie mahali ambapo mshairi ameiweka picha hiyo: mwisho kabisa, baada ya kutuonyesha mavumbi na damu kwa kirefu. Katika kisa kirefu hivi mchoraji alikuwa na matukio mengi ya kuchagua. Angeweza kumchora baba akisita, au mkuki ukiingia, au Apollo akiosha maiti mtoni. Flaxman alichagua safari ya hewani. Kuchagua ni kutoa hukumu, na hukumu hiyo ndiyo tunayoitafuta asili yake.

Tuanze na vifaa, kwa sababu mkono hufuata chombo chake. Kalamu tunayoiita ya risasi haina risasi ndani yake. Jina hilo, kama majina yake katika lugha kadhaa za Ulaya, ni mabaki ya kosa la zamani: madini meusi yaliyochimbwa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, tangu karne ya 16, yalidhaniwa kuwa aina ya risasi, kumbe ni kaboni. Uzuri wake ni kwamba alama yake hufutika. Wachoraji walitumia nyama ya mkate kufutia, na mwaka 1770 Joseph Priestley aliandika juu ya mpira kuwa unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Katika mwaka huo huo ambao vitabu vya Flaxman vilitoka, yaani 1793, Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani, na Wafaransa wakakosa madini ya Borrowdale. Ndipo Nicolas-Jacques Conté alipobuni namna ya kuchanganya unga wa madini hayo na udongo, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1795. Kalamu nyingi za watoto wetu shuleni ni wajukuu wa vita vile.

Wino ni kinyume cha kalamu ya risasi. Ukiisha kugusa karatasi hautoki ila kwa kuikwangua. Kwa hiyo mchoraji aliyefanya kazi kwa vyote viwili aliishi katika hali mbili: kwanza hali ya kutafuta, ambamo mstari waweza kujaribiwa na kuondolewa, kisha hali ya kuamua, ambamo kalamu yenye wino hupita juu ya mistari iliyojaribiwa na kuuchagua mmoja. Michoro ya namna hii huhifadhi kumbukumbu ambayo kitabu kilichopigwa chapa hakiwezi kuwa nayo. Chini ya wino mara nyingi huonekana mistari hafifu ya risasi iliyokwenda upande mwingine, mkono ulioinuliwa zaidi, bawa lililokunjwa. Piroli alipochora shaba aliufuata wino peke yake, na wasiwasi wote wa kalamu ya risasi ukapotea. Ulaya yote iliona uamuzi. Watu wachache sana waliona kusita.

Baada ya vifaa, malipo. Flaxman alizaliwa mjini York mwaka 1755, mwana wa fundi wa kutengeneza sanamu za plasta huko London. Tangu mwaka 1775 alipata riziki yake kwa kubuni michoro na sanamu bapa kwa ajili ya vyombo vya Josiah Wedgwood, na mwaka 1787 akaenda Roma pamoja na mkewe Ann, akakaa huko miaka saba. Ndoto yake ilikuwa marumaru. Aliamini kwamba mchonga sanamu hupimwa kwa sanamu kubwa, na nafasi ikamjia mwaka 1790, Askofu wa Derry, aliyekuwa pia Earl wa Bristol, alipomwagiza amchongee kundi la sanamu la Athamas, mfalme wa hadithi za Kiyunani aliyerukwa na akili akamuua mwanawe. Malipo yalikuwa kiasi cha pauni 600. Jiwe, wasaidizi na muda vilikula zaidi ya hayo, na mchongaji akatoka katika kazi ile na hasara. Sanamu hiyo ipo hata sasa Ickworth, katika jimbo la Suffolk, na wanaokwenda kuitazama si wengi kama wanaoujua mchoro.

Michoro ya Homer ilikuwa kazi ya pembeni. Bibi Georgiana Hare-Naylor, binti wa Askofu Jonathan Shipley, ndiye aliyeiagiza, kwa malipo ya shilingi 15 kila mchoro. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Tukifanya hesabu, picha zote 62 za mwaka 1793 zinafikia pauni 46 na nusu. Na bei ya sanamu moja ya Athamas ingenunua michoro 800. Hivyo kitu kilichomletea mtu huyu sifa ya kudumu ni kile alicholipwa malipo ya kibarua, na kile alichokiona kuwa kilele cha kazi yake kilimtia umaskini. Hatuyataji haya kwa kumhurumia tu. Yanaeleza sehemu ya sura ya mchoro wenyewe. Mstari mtupu hauhitaji muda wa kivuli, unaweza kunakiliwa katika shaba bila ya gharama kubwa, unasafiri vizuri. Walioita wembamba huo usafi wa Kiyunani walisema kweli kwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa shilingi 15.

Hata hivyo uhaba wa fedha hauelezi kila kitu, kwa kuwa mafundi wengi maskini walijaza picha zao vivuli. Flaxman aliupenda mstari kwa sababu aliupata katika vyungu. Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza huko Naples, alikusanya vyombo vingi vya udongo vilivyochimbuliwa makaburini Italia. Picha zake zilichapishwa katika vitabu vikubwa tangu mwaka 1766, na mwaka 1772 mkusanyo huo ukanunuliwa kwa ajili ya British Museum. Watu wa wakati ule walidhani kwamba vyombo hivi ni kazi ya Waetruski, wenyeji wa kale wa Italia, na ndiyo sababu Wedgwood aliuita mji wa kiwanda chake Etruria. Leo inajulikana kwamba vingi vya namna hiyo vilifinyangwa na mafundi wa Kiyunani, vingine Athens, vingine katika makoloni yao ya Italia.

Katika vyombo hivyo Flaxman alijifunza, na wakati mwingine alifundishwa makosa. Mwaka 1778 alimtengenezea Wedgwood sanamu bapa mashuhuri ya Homer akipandishwa daraja ya miungu. Aliichukua kutoka katika chombo kimoja cha Hamilton ambacho wataalamu wa siku zile walikuwa wamekwisha kukifasiri hivyo. Wataalamu waliofuata wanaona kwamba aliyechorwa pale ni mwanamuziki aliyeshinda katika mashindano, basi. Hana uhusiano na Homer. Picha ilikuwa ya furaha ya siku moja ya mpiga kinubi, nayo ikageuzwa kuwa kupaa kwa mshairi mkuu. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu linatuonyesha tabia ya zama zile. Walipotazama udongo wa Wayunani walikuwa tayari kuona kupaa.

Zaidi ya vyungu palikuwa na vitabu. Mwaka 1769 Gotthold Ephraim Lessing, Mjerumani, alitoa risala juu ya namna watu wa kale walivyokichora kifo. Alidai kwamba hawakumchora Mauti kuwa mifupa yenye kutisha, kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya kwa karne nyingi, ila kijana mwenye mabawa, pacha wa Usingizi. Mojawapo ya nguzo za hoja yake ilikuwa kisa hiki hiki cha Sarpedon. Kwa hiyo mchoro wa mwaka 1793 haukutokea katika jangwa. Fikira ya kifo kilicho kipole ilikuwa imekwisha kuenea miongoni mwa wasomi, na watu wengi waliipokea kwa shukrani.

Sasa tufike kwenye makaburi, ambako ndiko naona ufunguo wa mchoro wetu. Flaxman aliishi kwa kuchonga makumbusho ya wafu katika makanisa ya Uingereza kuliko kwa kazi nyingine yoyote ya jiwe. Kabla ya kwenda Roma alichonga ukumbusho wa Sarah Morley, uliomo katika kanisa kuu la Gloucester. Bibi huyu alifariki baharini mwaka 1784, katika safari ya kurudi kutoka India, baada ya kujifungua. Mchongaji alimwonyesha akitoka katika mawimbi na mtoto wake mikononi, na malaika wakiwapokea. Baada ya kurudi Uingereza alichonga ukumbusho wa Agnes Cromwell, msichana aliyefariki mwaka 1797, uliomo katika kanisa kuu la Chichester. Naye anainuliwa na malaika, nguo zake zikipeperuka, miguu yake ikiwa imeiacha ardhi.

Uweke mchoro wa Sarpedon kati ya makaburi hayo mawili, mahali pake pa miaka, nao unaanza kusema kwa sauti nyingine. Wachukuzi wenye mabawa, mwili uliolegea bila ya uzito, safari ya hewani, ukimya: haya yote Flaxman alikuwa ameyazoea kabla hajachora mstari mmoja wa Homer, na aliendelea nayo baada ya hapo. Alikuwa Mkristo mwenye imani ya dhati, msomaji wa mafundisho ya Emanuel Swedenborg, ambaye alifundisha kwamba mtu akifa huamka mara moja katika ulimwengu wa roho. Mtu wa imani hiyo alipoifikia habari ya Usingizi na Mauti aliwatambua mara moja. Walikuwa malaika wake.

Lakini kwa Homer si malaika. Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na hapa ndipo mwanafunzi anapoweza kupotezwa na uzuri. Sarpedon wa Homer hapandi popote. Anapelekwa upande, kutoka nchi moja hata nchi nyingine, kutoka kwa wageni hata kwa jamaa zake. Mwisho wa safari ni shimo, kifusi cha udongo na jiwe lililosimamishwa. Zeus mwenyewe, pamoja na enzi yake yote, hana kitu kingine cha kumpa mwanawe ila maziko mema nyumbani. Huzuni ya kisa imo katika mpaka huo: upendo wa mkuu wa miungu unaishia penye uwezo wa jamaa yeyote aliyefiwa, yaani kuosha, kuvika, kuchukua na kuzika. Ukiuondoa mpaka huo, ukamfanya marehemu aelekee mbinguni, umempa faraja ambayo mshairi alimnyima kwa makusudi.

Yuko atakayepinga kwamba tunamwonea Flaxman. Je, Homer hakusema kwamba Apollo aliuosha mwili? Basi mwili safi wa mchoro ni uaminifu kwa utenzi. Pingamizi hili lina nguvu, na latupasa tulipime kwa kumleta shahidi ambaye Flaxman hakuweza kumwona. Mwezi wa Desemba mwaka 1971 wachimbaji haramu walifukua, karibu na Cerveteri nchini Italia, chombo kikubwa cha udongo cha kuchanganyia divai na maji. Kilifinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios mjini Athens kiasi cha mwaka 515 kabla ya Kristo, na mafundi wote wawili wametia sahihi zao. Jambo lililochorwa ni hili hili: Usingizi na Mauti wakiuinua mwili wa Sarpedon.

Euphronios naye alifanya kazi kwa mstari, tena mstari mwembamba sana wenye kuhesabu misuli na kope. Lakini wachukuzi wake wamevaa mavazi ya vita, na wanainama chini ya mzigo. Mwili ni mkubwa kuliko wao, na jeraha zake zinachuruzika damu. Mungu Hermes amesimama katikati kuongoza njia, na kila mmoja ameandikiwa jina lake. Ikiwa tunapima kwa herufi za utenzi, Euphronios ndiye mkosaji: damu ilipaswa kuwa imekwisha kuoshwa, na Hermes hatajwi katika safari ile. Flaxman yu karibu zaidi na maneno. Lakini ikiwa tunapima kwa uzito, Euphronios yu karibu zaidi na jambo. Anajua kwamba maiti ni nzito, na kwamba kumchukua mtu kwao ni kazi ya mikono na migongo. Kwa hiyo uaminifu ni wa namna mbili, na Flaxman alipata ule wa kwanza akakosa wa pili. Wala hakuukosa kwa uvivu, maana aliwaona wafu wakiwa wepesi kwa sababu ya imani yake.

Wenzake wa Ujerumani waliligusa jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1799 August Wilhelm Schlegel aliandika kwamba mstari mtupu unafanana na ushairi, kwa sababu haumalizi kitu, bali humwachia mtazamaji amalizie kwa fikira zake. Mwaka uo huo Goethe aliandika juu ya michoro hiyo akitambua kipaji chake, ila aliona kwamba inawapendeza mno wapenzi wa sanaa wasiotaka kazi ngumu. Wote wawili wana haki. Weupe wa karatasi unakaribisha fikira, na kwa sababu hiyo unakaribisha pia mazoea. Mtazamaji wa mwaka 1799 aliujaza weupe ule kwa mbingu aliyoizoea kanisani, akaondoka akiamini kwamba ameiona Ugiriki.

Tusije tukadhani kwamba haya yanaupunguzia mchoro thamani. Uliendelea kufanya kazi katika mikono ya wengine. Mwaka 1805 kitabu cha Iliad kilipotolewa tena London, sasa kikiwa na picha 39, William Blake, rafiki wa miaka mingi wa Flaxman, alichora mabamba matatu kati ya yale mapya, na mwaka 1817 yakatoka mabamba yake 37 ya michoro ya Flaxman kutoka kwa Hesiod. Ingres wa Ufaransa alijifunza katika mistari hiyo alipokuwa akipaka picha yake kubwa ya Jupiter na Thetis ya mwaka 1811. Flaxman mwenyewe alikuwa mwaka 1810 mwalimu mkuu wa kwanza wa uchongaji katika Royal Academy, akafariki mwaka 1826 akiwa na heshima kamili. Nusu ya karne ya picha za Ulaya haielezeki bila ya kitabu kile cha mistari mitupu.

Chombo cha Euphronios nacho kina historia yake. Mwaka 1972 jumba la Metropolitan la New York lilikinunua kwa dola milioni moja. Italia ilidai kwamba kimeibwa katika ardhi yake, na mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya ushahidi na mashauri, kikarudishwa, kisha kikapelekwa Cerveteri, karibu na mahali kilipofukuliwa. Watu kadhaa wamekwisha kuona kwamba chombo chenye picha ya maiti anayerudishwa kwao kimerudishwa nacho. Lakini mtu aangalie asiliharakishe fumbo hili. Chombo kilifanywa Athens, kikauzwa kwa Waetruski, kikazikwa na mmoja wa matajiri wao. Kwao kwa kwanza ni Athens; kwao kwa mwisho ni kaburi la mgeni. Sheria ilimpa haki yule aliyeibiwa, na ilifanya sawa. Ila historia haiwezi kusema kwamba kazi ya sanaa ina kwao kumoja tu.

Vivyo hivyo na mchoro wetu. Hadithi yake ni ya Wayunani, maneno aliyoyafuata mchoraji yalipitia tafsiri ya Alexander Pope, mstari wake ulitoka katika vyungu vilivyodhaniwa kuwa vya Waetruski, mabawa yake yalitoka Gloucester, na malipo yake yalitoka katika mfuko wa bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa Italia. Anayetaka kujua jinsi Wayunani walivyowazika watu wao asiutegemee mchoro huu. Na aende kwa Homer, aende kwa Euphronios, aende kwenye makaburi yenyewe ya Lycia. Anayetaka kujua jinsi watu wa Ulaya katika mwaka 1793, mwaka ambao mfalme wa Ufaransa alikatwa kichwa na vita vikaenea bara zima, walivyotamani kifo kiwe chepesi na chenye mikono ya upole, huyo hatapata shahidi bora kuliko mistari hii ya wino, ikiwa atavumilia kutazama pia kalamu ya risasi iliyo chini yake.